Kijana Wetu Chuoni: Tusiulize Matokeo Peke Yake

(Hotuba ya idara yetu ya elimu kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, katika mkutano wa mwaka wa mfuko wa kusomesha vijana.)



Kwa kawaida idara ya elimu inaposimama kwenye mkutano huu husoma idadi: wanafunzi wangapi wako chuoni, wangapi wamehitimu, ada kiasi gani imelipwa na kiasi gani bado. Taarifa hiyo ipo, imechapwa, na kila mjumbe ameikuta kwenye bahasha yake. Leo tumeomba tuzungumzie jambo ambalo halimo kwenye bahasha, yaani afya ya akili ya hao vijana tunaowasomesha, na msongo wa mawazo unaowapata wakiwa chuoni. Tutasema pia, bila kujificha, jinsi sisi wenyewe tulivyouongeza.

Tuanze na kijana mmoja. Ametupa ruhusa tumsimulie, kwa sharti kwamba jina lake, parokia yake na chuo chake tusivitaje.

Kijana huyu alimaliza kidato cha sita akiwa na daraja la kwanza katika masomo ya sayansi. Kijijini kwao lilikuwa jambo jipya. Mkopo wa Bodi ya Mikopo alipata kwa sehemu tu, hivyo parokia ikafanya harambee. Wazee walitoa ng'ombe wawili, akina mama wakauza maharage, na sisi tukajazia ada iliyobaki kutoka katika mfuko huu. Jumapili ya kumuaga alisimamishwa mbele ya waamini, akapigiwa vigelegele, na mzee mmoja akamwambia kwa sauti, "Mwanangu, usituangushe." Tulicheka na kupiga makofi. Hatukujua kwamba neno lile angelala nalo na kuamka nalo kwa miaka miwili.

Semesta ya kwanza alipata sapu tatu. Kwa wale ambao hawakupita chuoni, sapu ni mtihani wa marudio wa somo ulilofeli. Ukifaulu unaendelea, usipofaulu unalibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, na ukifeli kupita kiasi kilichowekwa unaondolewa chuoni, jambo ambalo wanafunzi wenyewe huliita kudisko. Kupata sapu si ajabu wala si aibu. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza tangu darasa la tatu anaingia kwenye ukumbi wenye mamia ya wenzake ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Mhadhiri anazungumza Kiingereza kwa kasi, hamjui mtu kwa jina, na wiki ya tatu tayari kuna testi. Lakini yeye aliona kwamba ameshaiangusha parokia nzima. Hakumwambia mtu.

Mwaka wa pili fedha zetu za ada zilichelewa kwa wiki saba. Sababu zilikuwepo: uhamisho wa benki, saini moja iliyokosekana, kikao kilichoahirishwa. Sisi tulijua zinakuja. Yeye aliona jina lake limebandikwa ubaoni kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani, na wenzake wote wakalisoma. Baada ya hapo akaacha kwenda chuo. Alikaa geto, chumba cha kupanga alichoshirikiana na mwenzake, kwa muda wa karibu miezi mitano. Alilala mchana na kukesha usiku. Alikula mara moja kwa siku, siku nyingine hakula kabisa.

Fomu mbili za maendeleo alizotuletea katika kipindi hicho tunazo ofisini. Zote zimeandikwa kwa mwandiko mzuri: naendelea vizuri na masomo, nawashukuru wafadhili wangu. Tulizigonga muhuri, tukaziweka kwenye faili.

Aliyemwokoa ni yule mwenzake wa chumbani, ambaye alichukua namba ya baba yake kwenye simu na kumpigia usiku, baada ya kumsikia akisema mara kwa mara kwamba ingekuwa afadhali asingekuwepo. Baba alifika kesho yake kwa basi. Hospitali ya mkoa walimpokea, na daktari akasema ana sonona, ugonjwa unaotibika. Alipopata nafuu alikuja ofisini kwetu pamoja na baba yake. Kabla hajaketi alituuliza ng'ombe siku hizi wanauzwa bei gani, kwa sababu alitaka kuanza kuwalipa wale wawili.

Baada ya mazungumzo yale tulirudi kwenye fomu yetu tukaisoma upya. Inauliza mambo matano: wastani wa alama, masomo aliyofeli, mahudhurio, ushiriki katika ibada, na neno la shukrani kwa mfadhili. Hakuna mahali inapomuuliza kijana kama analala, kama anakula, au kama ana mtu wa kuzungumza naye. Tena mwenye jibu baya kwenye swali la pili anajua kwamba barua ya onyo itafuata. Tulikuwa tumetengeneza karatasi inayomfundisha mtoto kusema uongo.

Ndugu wajumbe, tueleze kidogo haya maneno, maana mara nyingi yanachanganywa. Msongo wa mawazo peke yake si ugonjwa. Mwili unapokutana na jambo gumu hutoa kemikali zinazofanya moyo uende mbio na akili iwe macho, na mtihani bila msongo hata kidogo pengine usingesomewa. Tatizo ni msongo usiokuwa na mapumziko, unaokaa wiki baada ya wiki. Hapo usingizi unapotea, kichwa na tumbo vinauma bila sababu inayoonekana, hasira inakuwa karibu, na kijana anasoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa. Sonona ni hatua nyingine. Dalili zake kuu ni huzuni au kupoteza hamu ya mambo yote, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na uchovu, kujilaumu, na kubadilika kwa usingizi na hamu ya kula. Aliye katika hali hiyo si mvivu.

Umri wa chuo ndio umri wenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba robo tatu ya magonjwa ya akili huwa yameshaanza kabla mtu hajafikisha miaka 24. Na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takwimu za mwaka 2021 zinaweka kujiua katika nafasi ya tatu kati ya visababishi vya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani.

Sasa, ni nini kinachowalemea watoto wetu? Tulikaa na wanafunzi wa mfuko wakati wa likizo, bila wazazi wala wajumbe kuwepo, na tukasikiliza. Tulitarajia watalalamikia ugumu wa masomo. Walizungumzia zaidi fedha.

Bumu, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, likiingia, simu za nyumbani zinaingia pia. Mdogo wake kafukuzwa ada, bibi anaumwa, mbolea imepanda bei. Nyumbani wanaamini kwamba mtu aliye chuo kikuu na anapokea fedha ya serikali tayari ni mtu wa kusaidia wengine. Mtoto anatuma, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mama. Baada ya wiki tatu anaishi kwa chapati na chai ya mama ntilie kwa mkopo. Wapo waliojaribu kujikomboa kwa kubeti mpira, wakapoteza na kile kidogo kilichobaki. Wapo walioingia kwenye mikopo ya simu, ile inayoitwa kausha damu, na wakopeshaji wakawatumia ujumbe wa kuwaaibisha watu wote waliomo kwenye simu ya kijana. Binti mmoja alituambia kwamba alizima simu siku kumi ili asione jina la mama yake likiita.

Wasichana walikuwa na lao, na walilisema kwa sauti ya chini. Mkufunzi anayetaka binti aje kuona alama zake jioni, au mwenye nyumba anayesamehe kodi kwa masharti yasiyosemeka. Binti anayepitia hayo anapoteza usingizi kuliko yeyote, na mara nyingi anajilaumu mwenyewe. Tunawakumbusha wajumbe kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Binti aambiwe hivyo kabla hajaondoka nyumbani, na aambiwe kwamba akitupigia simu kuhusu jambo hilo hatutamuuliza kwanza alikuwa amevaa nini.

Mengine yanajulikana. Vyumba havitoshi, hivyo wanabebana wawili kwenye kitanda kimoja. Kuna kelele, kuna foleni ya daladala, na kuna kusoma kwa desa usiku kucha siku mbili kabla ya mtihani.

Kuhusu hilo la kukesha, tuliwaambia vijana wazi kwamba halifanyi kazi. Mtu mzima kijana anahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa, na ni usingizini ambamo ubongo unapanga na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Anayekesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tuliwashauri wapange kazi za semesta kwenye karatasi tangu wiki ya kwanza, watembee kwa miguu au wacheze mpira angalau nusu saa kwa siku, wasome wawili wawili au watatu watatu, na wasikae siku nzima peke yao chumbani. Ni mambo madogo na hayana gharama. Yanasaidia kweli kweli, lakini hayatoshi kwa yule ambaye ada yake haijalipwa, wala kwa yule ambaye tayari anaumwa.

Anayeumwa apelekwe hospitali. Hapa tunaomba tuelewane vizuri, maana sisi ni shirika la dini na hatukatazi mtu kuombewa. Kijana tuliyemsimulia aliombewa, na anasema maombi yalimtia moyo. Alipata pia dawa na mazungumzo na muuguzi wa afya ya akili, na anasema bila hivyo asingeamka kitandani. Ubaya unakuja pale mgonjwa anapoambiwa kwamba ana pepo au imani yake ni haba, kisha anaachishwa dawa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha wiki ya pili wakidhani hazifai. Mjumbe akijua hilo tu, anaweza kumsaidia mgonjwa kuvumilia. Huduma hii haipatikani Mirembe peke yake, kama wengi wanavyodhani. Hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili, na vyuo vingi vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Na tuseme neno juu ya kujiua, ingawa ni zito kwa mkutano wa mchana. Familia nyingi huficha. Wanaogopa aibu, na wanaogopa pia polisi, kwa sababu Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kutoka ukoloni iliweka jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho cha sheria yao ni kinyume cha katiba. Kwa vyovyote vile, woga wa sheria usimzuie mtu kumkimbiza mgonjwa hospitali. Kama una wasiwasi na kijana, muulize waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kuyaondoa maisha yako?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani; wataalamu wanakubaliana juu ya hili. Mara nyingi swali linampa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na dawa za shambani na vidonge viondolewe karibu naye hadi amfikie daktari.

Ni nani wa kuwasikiliza vijana hawa? Mtatuambia kwamba hatuna wataalamu, na ni kweli ni wachache. Tuwape mfano wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika eneo la Mbare, jijini Harare, akiwa na akina bibi 14. Hawakuwa wauguzi. Walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani, watu wazima wanaoheshimika, waliofundishwa kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza. Wazimbabwe wana neno lao, kufungisisa, ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema mtu ana mawazo. Bibi hampi mtu hotuba. Anamsaidia kutaja matatizo yake, kuchagua moja, na kupanga hatua ndogo ya kulishughulikia, kisha wanakutana tena. Mpango huo ulipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, wale waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 tu kati ya waliokaa kwenye benchi, ambapo kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50.

Hatuombi fedha za mabenchi. Jumuiya zetu zina akina mama na akina baba wa namna hiyo tayari, na kila mmoja wenu hapa anaweza kumtaja mmoja ambaye watu humwendea wenyewe jioni. Tunachoomba ni kwamba kila kijana anayesomeshwa na mfuko awe na mlezi mmoja wa aina hiyo, aliyechaguliwa na kijana mwenyewe, na asiwe mjumbe wa kamati ya fedha. Mtu hawezi kumweleza siri zake yule anayeshika daftari la ada yake. Mlezi apige simu mara mbili kwa mwezi. Asianze na matokeo. Aanze na chakula. Na tafadhali asitumie ile sentensi yetu ya siku zote, kwamba sisi tulisoma kwa kibatari na tukafaulu. Inaweza kuwa kweli, lakini aliyeambiwa hivyo hapigi simu tena.

Kwa upande wetu tumefanya mabadiliko haya. Fomu ya zamani tumeiondoa. Fomu mpya inaanza na hali ya kijana, na matokeo yako ukurasa wa pili. Chini yake tumeandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna atakayefutiwa ufadhili kwa sababu ya sapu, wala kwa kuahirisha masomo kwa ugonjwa. Hili la kuahirisha tunaomba mlitangaze kwa vijana wote, kwani wengi hawalijui. Kanuni za vyuo huruhusu mwanafunzi kusimamisha masomo kwa sababu ya afya na kurudi baadaye bila kupoteza nafasi yake, ilimradi aombe kwa maandishi na kwa wakati. Kijana wetu angeomba mwezi ule wa kwanza, asingekaa miezi mitano gizani. Hakujua, na sisi tuliokuwa tunamlipia hatukujua kumwambia.

Kuhusu ada kuchelewa, tunapendekeza kwamba asilimia tano ya kila mchango itengwe iwe akiba ya dharura, ili chuo kilipwe kabla ya mitihani hata kama fedha za mfadhili bado ziko njiani. Wafadhili wetu, tunafahamu kwamba mlitoa kwa ajili ya ada, na hii inaonekana kama fedha iliyokaa bure. Tunaomba mkubali ikae bure.

Parokia nazo tunaziomba jambo moja ambalo huenda lisipendwe: matokeo ya wanafunzi yasisomwe tena kanisani. Tunajua furaha ya kusikia jina la mtoto wako likisomwa. Wenye wastani mzuri wanapigiwa makofi, na yule ambaye jina lake halikusomwa anaketi palepale na mama yake, na kila mtu anageuka kumtazama. Tumeambiwa na vijana watatu kwamba hawaji likizo nyumbani kwa sababu hiyo. Michango iendelee kutangazwa, na shukrani pia. Alama zibaki kwa mwenye alama na mlezi wake.

Mtauliza kijana yule yuko wapi. Aliandika barua kwa chuo, daktari akaiambatanishia cheti, na akaruhusiwa kurudia mwaka. Bado anakunywa dawa. Anaenda kliniki kila mwezi, na nauli ya kliniki inatoka kwenye mfuko huu, kwa hiyo kama mtaiona kwenye hesabu ukurasa wa nne chini ya usafiri, ndiyo hiyo. Semesta iliyopita alipata sapu moja. Alitupigia simu siku ileile. Yule mzee aliyemwambia asituangushe alikwenda mwenyewe nyumbani kwao, akamwambia kwamba ng'ombe wale walikuwa zawadi, na zawadi hairudishwi.

Fomu mpya ziko mezani kwa katibu, pamoja na karatasi ya majina ya walezi. Kila parokia ichukue kwa idadi ya wanafunzi wake na kuzirudisha kabla vyuo havijafunguliwa. Wajumbe wa vigango vya mbali wanaweza kujaza leo hapahapa, baada ya chakula.